Sauti Chini ya Usukani

Prado tuliinunua Ulaanbaatar, ina miaka kumi na minne,
usukani kulia, na huku tunaendesha kulia,
kwa hiyo kulipita lori ni kazi ya abiria:
anachungulia, anasema bado, anasema bado,
anasema sasa akiwa amefumba macho.
Muuzaji aliisifu injini, akapiga gurudumu teke.
Kuhusu redio alikohoa.

Redio ilikuwa ya huko ilikotoka, Japani.
Namba zake ziliishia tisini,
na stesheni tunazozipata Arvaikheer ziko juu ya mia.
Ramani nayo ilijua visiwa vyake tu:
kwetu ilichora mshale mwekundu juu ya weupe,
mshale ukizunguka, ukizunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Siku nyingine ilituweka baharini,
sisi ambao bahari tunaisikia kwa watu.

Ila kila asubuhi, ukizungusha ufunguo,
mwanamke alisema neno.
Sauti ya mtu aliyekwisha nawa uso,
sentensi moja, kisha kimya mpaka kesho.
Mama mkwe, Tsend-Ayush, akawa anamjibu.
Siku ya kwanza kwa mshtuko, ya pili kwa adabu,
ya tatu alikuwa na habari za kumpa:
ng'ombe wa madoa amezaa, goti la kushoto limepoa.
"Huyu ana heshima," alituambia.
"Nyumba hii hakuna anayenisalimu kabla hajanywa chai."

Oktoba nikaleta redio mpya, skrini pana kama sinia.
Mama mkwe akasimama mlangoni, kikombe mkononi.
"Na yeye mnampeleka wapi?"

Shemeji Dashnyam alikuja na bisibisi tatu
na kisu cha siagi kilichoviringishwa kitambaa.
Kwa baridi ile plastiki ni biskuti;
klipu mbili zilikatika hata hatujaanza.
Boliti nne, spana namba kumi. Tatu zikatoka.
Ya nne ilidondoka nyuma ya gia, tukaisikia
ikishuka ngazi moja, nyingine, ikanyamaza.
Ipo mpaka leo. Kwenye makorongo inapiga kengele.

Nyuma ya redio: vumbi la nchi nyingine,
laini, la kijivu, na unywele mmoja mrefu,
na risiti iliyofifia herufi.
Dashnyam akapuliza.
Nikamwambia, ungengoja.
Akaniuliza ningoje nini, nikakosa la kusema.

Njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu.
Waya wa zambarau hatukumjua mwenzake,
tukaufunga utepe, tukauacha yatima.
Jua linazama, skrini ikawaka,
mtangazaji akatutangazia upepo
ambao tayari ulikuwa masikioni mwetu.
Mshale ukasimama mahali penye jina.
Spika ya nyuma ilikoroma, kumbe ilichanika zamani,
redio kuukuu ilikuwa inaisitiri kwa kunong'ona.
Tulicheka. Mama mkwe hakucheka.
Aliichukua ile ya zamani, akaifunga shali,
akaiweka juu ya kabati, jirani na picha za marehemu.

Asubuhi nikazungusha ufunguo.
Kutoka chini ya usukani, mbali na skrini,
mwanamke yule yule, sentensi ile ile.
Kilikuwa kijisanduku, ukubwa wa kipande cha sabuni,
hatukuwahi hata kukiona.
Mama mkwe hakushangaa. Alimpa habari za usiku.

Sikukuu ya Mwezi Mweupe akaja Anujin,
mpwa wangu aliyesoma Sapporo miaka miwili.
Nikamketisha mbele, nikawasha gari.
"Anasema kadi haijaingizwa," alisema.
"Kadi ya kulipia barabara."
Nikaitazama barabara: nyayo za magari saba
zikitawanyika nyikani, kila moja na theluji yake.

Nilitaka kumkonyeza anyamaze. Nilichelewa.
Mama mkwe alikuwa dirishani na ndoo ya maziwa,
na kijiko cha kutubariki safari, amesikia yote.
Akafikiri kidogo.
Akainama mpaka usawa wa usukani.

"Huku hawalipishi, mwanangu," akamwambia. "Pita tu."